Nani asiyeshrabu? Hata Waingereza waliyapinda maneno ya wenzao

KAMA ulisomea shule ya humu nchini Kenya, bila shaka unakikumbuka kicheko kile. Mwanafunzi anaambiwa asimame asome kitabu cha Kiingereza kwa sauti. Anasoma vizuri, tena kwa makini, hadi anapofikia neno moja ambalo ulimi wake unalikataa katakata. Mahali pa “r” anatia “l”, au mahali pa “ch” anatia “s”, na darasa zima linaangua kicheko. “Ameshrabu!” wanapiga kelele walio nyuma. Siku hiyo hatanyosha tena mkono, na pengine muhula mzima utakwisha kabla hajathubutu kujibu swali jingine.

Mpenzi msomaji, huenda mwanao amewahi kurudi nyumbani amenuna kwa sababu hiyo. Huenda hata wewe mwenyewe, ukiwa kazini, kuna neno fulani la Kimombo unalolikwepa kama shimo la barabarani, ukatafuta jingine lililo rahisi ili wenzako wasipate la kusema. Ikiwa ni hivyo, makala haya ni yako. Wenye Kiingereza chao wamekuwa wakifanya kosa lilo hilo kwa mamia ya miaka. Tofauti ni kwamba makosa yao wao huyaingiza katika kamusi, na sisi tukayakariri kwa ajili ya mtihani.

Tuanze na mdudu ambaye hakuna mkazi wa mjini asiyemjua, yaani mende.

Jogoo ndani ya mende

Waingereza humwita “cockroach”. Hebu litazame neno hilo vizuri. “Cock” ni jogoo, na “roach” ni aina ya samaki wa maji baridi apatikanaye Ulaya. Jogoo na samaki wana uhusiano gani na mende wa jikoni? Hawana hata kidogo. Wahispania humwita mdudu huyo “cucaracha”. Mnamo mwaka 1624 Kapteni John Smith, mmoja wa Waingereza walioanzisha makazi ya Virginia huko Marekani, aliliandika neno hilo “cacarootch”, kama alivyolisikia. Lakini ulimi wa Kiingereza haukulipenda. Lilikuwa refu, na vipande vyake havikuwa na maana yoyote kwao. Basi polepole wakalipinda hadi likafanana na maneno mawili waliyokuwa nayo tayari. Wamarekani wakazidi kulikata, na leo wengi wao husema “roach” tu. Mende wa watu amebaki samaki mtupu.

Mambo haya hayatokei kwa sababu watu ni wajinga. Kila lugha ina sauti zake na mpangilio wake, na mtoto akishazizoea hizo akiwa mdogo, sauti nyingine humpiga chenga maisha yake yote. Kiswahili hupenda neno liishie kwa irabu. Ndiyo maana “cupboard” imekuwa kabati na “club” ikawa kilabu, wala hakuna anayetucheka. Kiingereza nacho hakina desturi ya kuanza neno kwa “mb” au “nd”. Mgeni akienda Mbita atasema “Embita”, na Bwana Ndirangu ataitwa “Endirangu” hadi achoke kurekebisha.

Wakati mwingine anayepotea si sauti bali mpaka wa neno. Chukua “apron”, lile vazi la mpishi. Asili yake ni Kifaransa cha kale, “naperon”, yaani kitambaa kidogo cha meza. Waingereza wakawa wanasema “a napron”. Sasa litamke hilo mara tatu kwa haraka. Ile “n” ya katikati haijulikani ni ya nani, kama ni ya neno lenyewe au ni ya kile kijineno “a” ambacho mara nyingine huwa “an”. Waingereza waliamua ni ya jirani, wakaandika “an apron”, na hadi leo mwenye mali hajarudishiwa. Ndugu yake “napkin” alinusurika. Refa wa kriketi, “umpire”, alinyang'anywa “n” yake kwa ujanja uo huo, kwani zamani alikuwa “noumpere”.

Kabla hujacheka sana, kumbuka kwamba na sisi tumo. Waarabu walitupa neno “kitab”. Babu zetu wakaiona ile “ki” ya mwanzo, wakafikiri ni ile ya kiti na kisu, wakasema wingi wake ni vitabu. Mwarabu, ambaye wingi wake ni “kutub”, hubaki kushangaa. Ndugu zetu wa Tanzania nao walisoma kibao cha “keep left” kwenye mzunguko wa barabara, wakapata kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Na “mudguard” ya baiskeli ilipoingia kama madigadi, ile “ma” ilichukuliwa kuwa ya wingi, ikazaliwa digadi moja. Hiyo ni kanuni ya sarufi ikifanya kazi yake, wala haibagui mgeni.

Nguo za mitumba

Wanafunzi wengi hudhani Kiingereza na Kiswahili ni lugha zisizojuana, isipokuwa pale sisi tunapokopa. Ukweli ni kwamba zote mbili zimekopa kwa tajiri mmoja, yaani Kiarabu. Sisi watu wa pwani ya Afrika tulikopa ana kwa ana, bandarini. Waingereza walipata maneno hayo kama sisi tunavyopata nguo Gikomba: zimevaliwa na Mwitaliano, zikavaliwa na Mhispania au Mfaransa, ndipo zikawafikia wao zikiwa zimepauka rangi na vifungo vimetoka.

Neno ninalolipenda zaidi ni “mawsim”. Kwa Waarabu maana yake ni wakati maalumu wa mwaka. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitegemea sana, maana jahazi lililotoka Arabuni au Bara Hindi lilikuja kwetu kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa upepo wa kusi, na aliyekosea majira alikaa bandarini miezi mingi akisubiri. Sisi tukalifanya msimu. Kisha wakaja Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Malindi mnamo Aprili 1498. Wakazoea kusafiri kwa pepo zizo hizo, na katika vinywa vyao neno likawa “monção”. Waingereza walipolipata wakaliandika “monsoon”. Kwa hivyo mwanafunzi anayejifunga kibwebwe kukariri “monsoon” kwa ajili ya mtihani wa jiografia anakariri neno ambalo nyanya yake hulitumia kila siku anapoulizia msimu wa maembe.

Hata jarida hili ulilolishika mkononi lina kisa chake. Waarabu huita ghala “makhzan”, na maghala “makhazin”. Ni mzizi ule ule uliotupa hazina. Neno hilo lilipita Italia na Ufaransa, likaingia Uingereza kama “magazine” likiwa bado na maana ya ghala, hasa ghala la silaha. Ndiyo maana hata leo kile kisanduku cha risasi kwenye bunduki huitwa hivyo. Mwaka 1731 mchapishaji wa London aitwaye Edward Cave alianzisha “The Gentleman's Magazine”, akiwa na maana kwamba ni ghala la habari za kila aina. Jina likapendwa, na tangu hapo majarida yote ya Waingereza yakaitwa maghala.

Kuna mengine. “Sifr” ya Kiarabu imetupa sifuri, ilhali Waingereza waliipokea mara mbili kwa njia mbili, wakapata “zero” na pia “cipher”. Taarifa yetu ni ndugu wa “tariff” yao, ile orodha ya ushuru. Kinachonichekesha zaidi ni “admiral”. Waarabu walikuwa na vyeo vilivyoanza kwa “amir al”, yaani “amiri wa”, kisha kinatajwa kitu anachokiongoza. Wazungu walilishika neno katikati ya sentensi, wakaondoka na “amiri wa” bila kusubiri kuambiwa wa nini. Ni kama umwite mtu “Mkuu wa” halafu unyamaze. Kwa hiyo mkubwa wa jeshi la majini la Uingereza ana cheo ambacho hakijamalizika kutajwa.

Majina ya watu hayakusalimika pia. Mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, aliitwa “Algoritmi” na wasomi wa Kilatini. Kiingereza kikaendelea kulinyoosha hadi likawa “algorithm”, utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta hufuata. Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, kwao ni “Avicenna”. Waungwana hao walikuwa wamekwisha kufa walipobatizwa, hivyo hakuna aliyewauliza.

Kanga wetu, kuku wao

Ukipita mitaa ya mjini wakati wa Krismasi utaona bata mzinga akiuzwa kwa bei ya kutisha. (Kwa nini tulimwita bata ilhali si bata ni swali la siku nyingine.) Waingereza humwita “turkey”, yaani Uturuki. Sababu yenyewe inatuhusu. Katika karne ya 16 Waingereza walikuwa wakimpata ndege kutoka Afrika kupitia kwa wafanyabiashara wa nchi zilizotawaliwa na Waturuki, wakamwita kuku wa Uturuki. Ndege huyo ni kanga wetu. Baadaye akaja yule mkubwa kutoka Amerika, wakamchanganya na kanga, na jina likamhamia yeye. Waturuki wenyewe humwita “hindi”, kwa kudhani ametoka Bara Hindi. Kila mtu anamsukumia mwenzake.

Nao wafugaji wetu wanajua kuku wa Leghorn, wale weupe wenye mayai mengi. Jina hilo ni la mji wa bandari wa Italia, Livorno. Waingereza walichukua umbo la zamani la jina la mji huo, wakalipinda hadi likaonekana kama “leg” na “horn”, mguu na pembe, ingawa hakuna aliyewahi kumwona kuku mwenye pembe.

Ikiwa Livorno iliyo Ulaya yapata hayo, sisi je? Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, akiwa Ukambani, aliuona mlima wenye theluji. Wakamba waliuita Kiinyaa, na Wakikuyu waliuita Kirinyaga. Krapf akaandika “Kenia”. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliipa koloni nzima jina la mlima huo, lakini wakoloni walilitamka “Kiinya”, kwa kuivuta ile irabu ya kwanza kama walivyozoea kwao. Baada ya uhuru mwaka 1963, matamshi ya wananchi ndiyo yaliyotawala. Hata hivyo, ukikutana na Mwingereza wa umri mkubwa aliyeishi huku enzi hizo, usishangae akikuambia anaipenda sana “Kiinya”.

Wamaasai nao walipoteza vipande vingi vya majina yao. Enkare Nairobi, maji baridi, ilibaki Nairobi. Enkare Nanyokie, maji mekundu, ikawa Nanyuki. Mto Ewaso Ng'iro uliandikwa “Guaso Nyiro” katika ramani za wakoloni, ile “ng'” ikatoweka kabisa. Lakini lawama zote zisimwendee Mzungu. Waliomwongoza kutoka pwani walikuwa Waswahili na watu waliojua Kiswahili, na wao pia walikuwa na ulimi wao. Buganda iliitwa Uganda kwa sababu Kiswahili hutaka nchi ianze kwa “U”, kama Ulaya na Uingereza. Mwingereza aliandika alichoambiwa na sisi, na hadi leo nchi nzima hutumia jina lililopitia kinywani mwetu.

Siku hizi wenye nchi wamechoka kusahihishwa. Bombay ikawa Mumbai mwaka 1995. Swaziland ikawa Eswatini mwaka 2018. Mwaka 2022 Uturuki iliutaka Umoja wa Mataifa utumie “Türkiye” hata katika Kiingereza, na ombi likakubaliwa. Nadhani kuitwa jina moja na kitoweo cha Krismasi hakukuwafurahisha.

Safari isiyo safari

Kiswahili nacho kimewapa Waingereza maneno yake, na hapo ndipo unapoona vizuri jinsi wanavyopinda maana hata wakiacha sauti salama. “Safari” iliingia Kiingereza katikati ya karne ya 19, kupitia wasafiri kama Richard Burton. Kwetu sisi, kutoka Nairobi kwenda Kakamega kwa mazishi ni safari. Kwao ni lazima kuwe na simba, ama wa kupigwa risasi kama zamani, ama wa kupigwa picha kama leo. Na wingi wake wakautia “s” wakasema “safaris”, kama sisi tulivyofanya na vitabu.

Tarehe 12 Desemba 1970 Wamarekani walirusha setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa siku yetu ya uhuru, wakaiita Uhuru, na hawakuongeza wala kupunguza herufi. Lakini miaka minne kabla ya hapo, waliotengeneza filamu za televisheni za “Star Trek” walikuwa wametaka jina lilo hilo kwa mhusika wa kike. Masikio yao yalisema jina la mwanamke liishie kwa “a”, basi akawa Uhura. Mchezo wa Jenga, uliozinduliwa London mwaka 1983 na Leslie Scott, mwanamke aliyelelewa Afrika Mashariki, ulipona kwa sababu neno lenyewe ni jepesi. Na mwaka 2022 Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilitangaza kundi kubwa la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, miongoni mwayo “nyama choma” na “sambaza”. Mwalimu akikukataza kusema “nyama choma” katika insha ya Kiingereza, mpelekee kamusi.

Jina lina mwenyewe

Sasa, kuna jambo moja ambalo mimi hutofautiana na wanaosema kwamba basi kila kitu kipindwe, tusijali. Neno likishavuka mpaka ni la waliolipokea. Mhispania hawezi kumdai mende wake. Lakini jina la mtu aliye hai si kama mende. Mwenyewe yupo, na anaweza kuulizwa.

Wengi wetu hatungoji hata kuulizwa. Tunajipinda wenyewe. Riwaya ya “Weep Not, Child” ilipotoka mwaka 1964, mwandishi wake alikuwa James Ngugi. Baadaye alilitupa jina la James, akawa Ngũgĩ wa Thiong'o hadi alipofariki mwaka 2025, na matoleo ya baadaye ya riwaya hiyo yakabeba jina hilo. Ile alama juu ya “u” na “i” ilikuwa na kazi yake, maana bila hiyo matamshi hubadilika. Barack Obama naye, ambaye baba yake alitoka Siaya, alikuwa akijiita Barry ujanani ili asiwasumbue wenzake. Alipokuwa chuoni akaliacha hilo, akarudia jina la baba yake, ambalo asili yake ni baraka. Miaka mingi baadaye Marekani nzima ililijifunza.

Nimekutana na wasichana wa Kenya wanaosoma ng'ambo ambao majina yao yanaanza kwa “ng'”. Mwalimu akilifikia jina hilo kwenye orodha husita, hukohoa, halafu husema lolote linalomjia. Msichana huona haya kwa niaba ya mwalimu, akajibu, “Niite Grace tu.” Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu sauti hiyo Mwingereza anayo! Anaitamka kila siku. Hajazoea tu kuiweka mwanzoni mwa neno.

Kwa hivyo, ikiwa wewe ni mmoja wa hao, au una ndugu anayejiandaa kwenda huko, hii hapa dawa niliyoiona ikifanya kazi. Mwambie mwalimu aseme “singing”, yaani kuimba, polepole. Kisha aseme tena lakini aiache ile “si” ya mwanzo. Kitakachobaki kinywani mwake ni “ng'ing'”. Atacheka, kwa kuwa hakujua kama anaweza. Mwache aseme mara tatu nne, halafu umpe Ng'endo. Akishaipata, mpe Ng'ang'a.